Tangazo la Mkopo wa Haraka

Twaulizwa: Je, atangazaye mkopo wa siku chache wenye riba kubwa afanya kosa? Twajibu: Kutangaza si kosa, kosa ni kusifu upesi wa fedha na kuficha bei yake.

Na tutazame Uingereza. Huko mikopo ya kumvusha mtu hadi siku ya mshahara ilitangazwa sana katika televisheni, tena kwa mzaha. Mwaka 2014 wasimamizi wa mambo ya fedha waliamuru matangazo hayo yawe na onyo kwamba kuchelewa kulipa huleta shida kubwa. Tangu Januari 2015 riba na ada za mikopo hiyo zisipite asilimia 0.8 kwa siku, wala gharama zote zisipite kiasi kilichokopwa.

Basi, hata kwa kipimo hicho, akopaye pauni 100 kwa siku 30 aweza kudaiwa 124. Tangazo lisemalo tu, “Pata 100 leo,” lasema nusu ya kweli. Nalo humwendea mtu mwenye dhiki, asiye na nafasi ya kuhesabu. Wazee walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Tangazo la namna hii huonyesha harusi peke yake.

Kwa hiyo, mwalimu, Mkristo akikuonyesha tangazo kama hilo katika simu yake, mfundishe kuuliza: Nitarudisha jumla ya kiasi gani? Siku gani? Nikichelewa, itakuwaje? Lisilojibu hayo waziwazi, asilifuate.