Uwatu, Hamu ya Kula na Uzito wa Mwili

Mwongozo kwa familia zinazozungumza Kiswahili, Jacobs na vitongoji jirani, Durban

Uwatu ni mbegu iliyozoeleka majumbani. Katika mwambao wa Afrika Mashariki hupewa mzazi ili maziwa yapatikane. Hapa Durban huuzwa katika maduka ya viungo kwa jina la methi. Wapo wanaounywa ili wapungue, na wapo wanaounywa ili wanenepe. Yawezekanaje mbegu moja itafutwe kwa mambo mawili yanayopingana?

Kilichomo ndani ya mbegu

Uwatu una nyuzinyuzi zinazofyonza maji na kuwa ute mzito. Ute huo hukichelewesha chakula tumboni, na mlaji hujihisi ameshiba. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, watu 18 wenye unene uliokithiri walijihisi kushiba zaidi walipotumia gramu 8 za nyuzinyuzi hizo katika kifungua kinywa. Utafiti huo ulipima shibe. Haukuthibitisha kwamba mafuta ya mwili huyeyuka.

Kwa upande wa pili, uwatu una saponini, ambazo ziliwafanya panya wa maabara wale zaidi. Kwa hiyo, asikuahidi mtu kwamba uwatu utakupunguza au utakunenepesha.

Nani ajihadhari

Uwatu wa kiasi cha kiungo cha mchuzi hauna neno kwa watu wengi. Tahadhari ni kwa unga unaonywewa kwa vijiko kila siku, au vidonge vyake.

- Mwenye kisukari: uwatu hushusha sukari. Ukiunganishwa na insulini au glibenklamidi, sukari yaweza kushuka mno, hasa kwa aliyefunga. Dalili ni kutetemeka, jasho na kuchanganyikiwa. Mpe kitu kitamu mara moja.
- Anayetumia warfarini: damu yaweza kutoka kwa urahisi zaidi.
- Mjamzito: asitumie kiasi kikubwa, kwani huenda kikachochea tumbo la uzazi.
- Mwenye mzio wa karanga au dengu: mwili wake waweza kuukataa uwatu pia.

Usiache dawa ya kliniki kwa ajili ya uwatu, wala usimfiche muuguzi kwamba unautumia.

Kukonda bila kukusudia

Hili ndilo jambo la kuzingatia zaidi. Mtu anayekonda bila kukusudia na kukosa hamu ya kula, akiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, au jasho jingi la usiku, asipoteze siku akitafuta mbegu ya kumrudishia hamu. Hizo ni dalili za kifua kikuu, na kila siku ya kungoja huwaweka hatarini watu wa nyumba nzima. Anayeishi na virusi vya UKIMWI apimwe hata kama kikohozi ni cha siku chache. Kifua kikuu hupona kwa dawa, kwa kawaida katika miezi sita.

Kukonda pamoja na kiu kali na kukojoa mara kwa mara kwaweza kuwa kisukari. Nako kunahitaji kipimo.

Haki yako

Kifungu cha 27 cha Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 kinampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, na kinakataza kumnyima yeyote matibabu ya dharura. Gari la wagonjwa huitwa kwa namba 10177, au 112 kwa simu ya mkononi.

Uendapo kliniki, chukua dawa zako zote, na pakiti ya uwatu pia.