Madoa Meusi ya Ngozi: Chanzo na Tiba Yake

Madoa meusi madogo yaotayo mwilini, mengine tangu utotoni, hutokana na kukusanyika mahali pamoja kwa chembechembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Aghalabu hayana madhara wala hayahitaji dawa.

Hata hivyo, ieleweke kwamba lipo doa la hatari. Saratani inayoanzia katika chembechembe hizo, kwa watu weusi, hujitokeza zaidi nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley wa Jamaika alifariki mwaka 1981 kwa saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, ambayo awali ilidhaniwa kuwa jeraha la mpira.

Kwa mchimbaji wa dhahabu wa Geita au mkulima wa pamba wa Shinyanga, ambaye miguu yake huumia mara kwa mara, ni rahisi kukosea vivyo hivyo. Doa linalopanuka, kubadilika rangi, kutoka damu au kuwa kidonda kisichopona lisidhaniwe kuwa ni pigo la jiwe.

Tiba ni kulikata doa hospitalini na kulipima kwa darubini. Likiwahiwa, mgonjwa huweza kupona. Likicheleweshwa, saratani huenea hadi kwenye tezi na mapafu. Kulichoma kwa asidi au kulipaka krimu yenye zebaki hakuondoi saratani, bali hudhuru na kupoteza muda. Wakazi wa mikoa hiyo waanzie kituo cha afya kilicho karibu, wakihitaji wapewe rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Wananchi wote wanahimizwa kukagua nyayo zao wanapooga au kutawadha.