Gari ya zamani mu tope: tuanze na mambo yasiyo na bei



Mvua ikinyesha mu vilima vya Lubero, viazi havingojei. Magunia yakilala kando ya barabara na maji yameingia, viazi vinaanza kuoza, na munuzi wa Butembo anashusha bei. Njo maana gari yenye kukwama si shida ya shofere peke yake, ni hasara yetu sisi wote.

Tuelewe kwanza

Kati ya magurudumu mawili ya ponte kuna diferansieli. Inasaidia gari kukata kona. Lakini gurudumu moja likiwa mu tope, linazunguka bure, na lingine lenye kuwa pa nguvu linasimama. Kuongeza mafuta hakusaidii: gurudumu linachimba shimo tu.

1. Tuhakikishe mbele inavuta

Magari mengi ya zamani yako na kifungo katikati ya gurudumu la mbele, chenye kuzungushwa kwa mukono mpaka LOCK. Kikiharibika, tunafikiri tuko na magurudumu manne, kumbe ni mawili. Namna ya kupima: simamisha gari pa sawasawa, zuia magurudumu ya nyuma na mawe, acha kuvuta kwa mbele, weka vifungo vyote viwili kwa LOCK, kisha inua gurudumu moja la mbele na kriki. Lizungushe kwa mukono. Chuma kirefu chenye kwenda ponte ya mbele lazima kizunguke. Kisipozunguka, kifungo kimoja ao vyote viwili vimekufa. Pima pande zote mbili. Usiingie chini ya gari yenye kusimama kwa kriki tu.

2. Upepo wa mapine

Pine yenye upepo kidogo inakanyaga pakubwa na kushika vizuri. Gari tupu, tunaweza kushusha upepo karibu nusu. Gari yenye mzigo, tusipitishe robo: kama ni bari 4, tubakie na 3. Tutembee polepole, chini ya kilometa 30 kwa saa, na tusikate kona kwa nguvu, ju pine inaweza kutoka mu jante. Tukifika barabara ngumu, tutie upepo tena, kama sivyo pine itapata moto na kupasuka. Pompi ya muguu na kipimo cha upepo vibakie mu gari kila siku.

3. Kupanga magunia

Tusirundike magunia yote nyuma ya ponte ya nyuma. Mbele inakuwa nyepesi, na mu mupando usukani haushike tena. Magunia mazito yakae chini, kati ya kabine na ponte ya nyuma.

4. Freni kidogo

Gurudumu moja la nyuma likizunguka bure, vuta freni ya mukono kidogo huku ukitia mafuta polepole. Nguvu inahamia gurudumu lingine. Kwa Land Rover za zamani, freni ya mukono haishike magurudumu, inashika chuma cha transmisio; pale tumia freni ya muguu, kidogo tu.

5. Shene

Kipande cha shene kinaweza kupita mu matundu ya jante na kuzunguka pine. Funga magurudumu yote mawili ya ponte moja, na hakikisha shene haigusi duriti ya freni. Itoe mbele ya kurudi barabara ngumu.

Tuangalie

Kuna wenye kushauri kusude diferansieli. Ni bei ndogo leo, lakini gari inakataa kukata kona, mapine yanaisha haraka na vyuma vya ponte vinavunjika.

Tena, mbele ya mupando wa utelezi, abiria wote washuke. Asisimame mutu nyuma ya gari wala upande wa bonde. Gunia la viazi tutalima tena, mutu hapana.

Maswali ya kuzungumza pamoja

– Nani kati yetu anachunga kipimo cha upepo?
– Mara ya mwisho vifungo vya mbele vilipimwa lini?
– Nani ana haki ya kumwambia shofere: mzigo umezidi?