Legeza Alteneta, Mkanda Utatoka Wenyewe

Mdogo wangu wa Toyota IST inayopiga mayowe kila asubuhi, barua yako nimeisoma. Umeshakaziwa mkanda mara mbili, kelele zimerudi, na sasa unataka kuutoa mwenyewe uuone kwa macho yako. Una haki, na kazi yenyewe haitishi. Ila usifanye wanavyofanya wengi, wanaouvamia mkanda kwa bisibisi na kuupandisha juu ya puli kwa nguvu. Hivyo utakata mistari yake au utachubua puli. Mkanda haujishiki wenyewe, alteneta ndiyo inayouvuta. Ilegeze alteneta na mkanda utatoka kwa vidole.

Kwanza tuelewane ni mkanda upi, maana ukitaja belti tu kuna wanaoshtuka wakidhani utavuruga taimingi. Ondoa hofu. Kwenye IST za kwanza, za 2002 hadi 2007, taimingi ni cheni na imefunikwa ndani ya injini. Huu wa nje, ambao mafundi wanauita fenibelti, unazungusha alteneta, pampu ya maji na, kwa gari yenye AC, kompresa yake. Hapo kwenye pampu ya maji naomba usikie vizuri: mkanda ukiwa nje, gari isitembezwe hata hadi dukani. Maji hayatazunguka, injini itachemka, na gasketi ya silinda hedi ikiungua utalipa hela ambayo ingekununulia mikanda ya miaka mingi.

Anza asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Vua pete na bangili, funga mtandio nyuma, na dera libaki ndani ya nyumba. Ufunguo utoe kwenye swichi. Kisha chukua spana ya 10 uchomoe waya wa hasi kwenye betri. Hatua hii watu huiruka, lakini nyuma ya alteneta kuna waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri na una moto hata gari ikiwa imezimwa. Spana ikiugusa waya huo huku imegusa bodi, utaona cheche. (Baadhi ya redio zilizokuja na magari kutoka Japani hujifunga zikikosa umeme, halafu zinadai namba au kadi usiyokuwa nayo. Kama yako ni ya aina hiyo na unaipenda, uliza kwanza.)

Fungua boneti, utazame upande wa dereva. Mkanda uko ubavuni mwa injini. Kabla hujagusa chochote, upige picha kwa simu kuanzia juu, uonyeshe unavyopita kwenye kila puli. Utaishukuru picha hiyo wakati wa kurudisha.

Alteneta imeshikwa sehemu mbili. Juu kuna bolti iliyopita kwenye bati lenye tundu refu, na hapo ndipo alteneta inaposogezewa. Chini kuna bolti ndefu ambayo alteneta inaizunguka kama bawaba. Kwa Toyota nyingi ndogo utahitaji spana ya 12 na ya 14. Wengi hulegeza ya juu tu, wanasukuma, haisogei, wanaanza kulaumu kutu. Legeza ya chini kwanza, halafu ya juu. Nimesema legeza, sijasema uzitoe. Tumia spana ya duara, ile inayokumbatia kichwa chote cha bolti, kwa sababu kichwa kikishaliwa kona utamwita fundi upende usipende. Kama imeshika kutu, pulizia dawa ya kulainisha, kanywe chai, kisha urudi.

Zikishalegea, isukume alteneta kuelekea injini. Ikigoma, igonge taratibu kwa kipande cha mbao. Mkanda utalegea, nawe uutelezeshe kwenye puli ya alteneta kwanza, halafu uutoe kwenye nyingine.

Sasa usikimbilie kufunga, kwa sababu hapa ndipo utajua kwa nini gari inalia. Zungusha puli ya alteneta kwa mkono. Inatakiwa izunguke laini, bila kukwaruza wala kunguruma. Fanya vivyo hivyo kwa pampu ya maji, kisha ishike puli yake ujaribu kuitikisa. Ikicheza, au ukiona alama za maji yaliyokauka chini yake, pampu inaelekea mwisho na hakuna mkanda utakaoiponya. Ukunje mkanda wenyewe, uukague upande wa mistari. Nyufa nyingi, mistari iliyolika au mng'ao wa kuteleza maana yake ni kununua mwingine. Ukikuta mafuta au maji ya rejeta juu yake, tafuta yanakovuja, la sivyo mkanda mpya nao utalia. Na kuna wanaopaka sabuni ili unyamaze. Waambie hao wakafulie.

Ukienda kwa muuza spea, nenda na mkanda wa zamani mkononi. Mgongoni mwake kuna maandishi yenye herufi PK. Namba iliyotangulia ni idadi ya mistari, inayofuata ni urefu kwa milimita. Mkanda wa 4PK1230 una mistari 4 na urefu wa milimita 1230. Usikubali kuambiwa "huu unaingia tu".

Kurudisha, fuata picha yako, na uhakikishe kila mstari umekaa kwenye mfereji wake. Mstari mmoja ukining'inia nje, mkanda utaliwa upesi. Kisha vuta alteneta mbali na injini kwa mpini wa mbao ulioegemea sehemu imara, usiegemee puli wala bati jembamba. Ukiwa umeivuta hivyo, mwombe mtu akaze bolti ya juu, ndipo ukaze ya chini. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba mahali paliponyooka zaidi: uingie kama sentimita 1. Ukilegea utalia. Ukikazwa kupita kiasi utakuwa kimya, lakini utaua beringi za alteneta na za pampu, na nina wasiwasi kwamba ndivyo ulivyokuwa unakaziwa.

Rudisha waya wa betri, hakikisha hakuna spana iliyosahaulika ndani, kisha washa. Taa ya betri kwenye dashibodi izimike. Mwenye mita ataona volti kati ya 13.5 na 14.5 injini ikiwaka.

Ninyi wa Premio au Allion zenye injini ya 1ZZ, msiguse bolti za alteneta. Zenu zina tenshena ya springi. Mnaizungusha kwa spana ndefu, mkanda unalegea, mnautoa huku mkiishikilia.

Mkanda mpya hulegea kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo ukague tena baada ya wiki moja. Ule wa zamani, kama haujachanika, uweke kwenye buti pamoja na spana ya 10, ya 12 na ya 14. Ukikatikiwa njiani usiku, utakufikisha nyumbani.