Dondoo muhimu: Kuunyoosha mwandiko wa mtoto

Huko Tabaka, Kisii, mchongaji wa mawe hashiki msasa kabla jiwe halijapata umbo. Mwandiko nao huanzia vidoleni, kabla ya daftari.

• Vidole. Kupukuchua mahindi, kuambua maharagwe na kufinyanga udongo huimarisha misuli midogo ya mkono.

• Mkao. Miguu ikanyage sakafu, meza ifikie usawa wa kiwiko. Kuandikia magotini huzipindisha herufi.

• Penseli. Ishikwe kwa kidole gumba na cha shahada, ikiegemea cha kati. Ikibaki kishungi, ibadilishwe.

• Mashoto. Asilazimishwe kutumia mkono wa kulia. Sehemu ya juu ya daftari lake iinamie kulia kidogo, ili aone anachoandika na asifute wino kwa kiganja.

• Mazoezi. Dakika 10 kila jioni zinatosha. Herufi zenye mwendo mmoja zifunzwe pamoja: a, d, g, kisha n, m, r. Baadaye aandike majina anayoyajua: Nyamira, Keroka, Ogembo. Mzazi azungushie duara herufi iliyokaa vizuri kuliko zote.

• Macho. Anayeinamia daftari hadi pua iguse karatasi apelekwe kupimwa.