Dondoo muhimu: Siku za bahari tupu

Meli ya Queen Mary 2 kwa kawaida huchukua usiku saba kutoka Southampton, Uingereza, hadi New York, bila kugusa bandari njiani. Siku hizo zisikutishe.

Ukielekea magharibi, saa hurudishwa nyuma mara tano, saa moja kila mara. Maana yake unapata siku tano zenye saa 25. Lala! Ukirudi mashariki unanyang'anywa saa hizo hizo, kwa hiyo anayetaka mapumziko ya kweli aende New York kwa meli na kurudi kwa ndege.

Katika ratiba ya kila siku, chagua mambo mawili tu: labda mhadhara asubuhi na onyesho la nyota katika ukumbi wa sayari. Anayekimbilia kila kitu huchoka bure.

Tembea sitahani kabla ya kifungua kinywa. Beba koti zito, maana Atlantiki ya Kaskazini ina upepo wa baridi hata Julai. Bahari ikichafuka, kaa katikati ya meli, sitaha za chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Dawa ya kichefuchefu humezwa mapema, kabla hujaanza kuumwa.

Intaneti hulipiwa, pakua muziki nyumbani. Vitabu viko maktabani.

Wakati wa chakula cha jioni, omba meza ya watu wengi, hata kama wewe ni mkimya. Kwa siku saba, wenzako wa mezani ndio majirani zako.