Somo: Kazi Njema Itambuliwe Kila Mwezi, Isingoje Mei Mosi



Katika somo hili tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidhani dogo: kumtambua mwenzetu aliyefanya kazi njema. Habari za mishahara, saa za kazi na vifaa vya usalama tumezijadili mara nyingi, na tutaendelea kuzijadili. Lakini katika mikutano ya matawi kuna lalamiko linalorudi tena na tena: "Nikikosea naitwa ofisini siku ile ile. Nikifanya vizuri mwaka mzima, hakuna anayeniona." Lalamiko hili ni la haki, na sehemu kubwa ya dawa yake iko mikononi mwetu wenyewe.

1. Mithali mbili

Wasimamizi hupenda kusema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maana yao ni kwamba mfanyakazi akisifiwa atalegea. Sisi tunawakumbusha mithali nyingine: mcheza kwao hutunzwa. Mchezaji hutunzwa mbele ya watu, kwa mchezo ambao wote wameuona kwa macho yao. Sifa ya namna hiyo haimharibu mtu. Inayoharibu ni sifa ya upendeleo, inayotolewa ofisini kwa siri, bila wenzake kujua amefanya nini.

2. Hasara ya kunyamaza

Katika kiwanda kimoja cha sukari tulichofanyia kazi, mwenzetu wa kupaka grisi alisikia beringi ikilia usiku kwenye mkanda wa miwa. Alimwita fundi wa zamu, mkanda ukasimamishwa kwa saa moja, beringi ikabadilishwa. Asubuhi taarifa ya zamu ilitaja jina la fundi tu. Yule wa grisi aliulizwa kwa nini mkanda ulisimama.

Msimu uliofuata mlio kama ule ulisikika tena. Safari hii mwenzetu alinyamaza. Shafti ilikatika, kiwanda kikalala siku mbili, na miwa iliyokwisha kukatwa ikazidi kupoteza sukari juani. Sisi sote tukakosa nyongeza ya msimu. Hatusemi kwamba alifanya vema kunyamaza, maana siku ile mtu angeweza kupoteza mkono. Lakini sisi wa zamu ya kwanza tulijua vizuri ni nani aliyesikia mlio ule, na hatukusema neno. Kosa lile lilikuwa letu pia.

3. Sifa isigeuzwe fimbo

Kuna hatari ya pili ambayo lazima tuijue. Mwezi wa Agosti 1935, katika Muungano wa Sovieti, mchimba makaa Aleksei Stakhanov alitangazwa kwamba amechimba tani 102 katika zamu moja, na hali kipimo kilikuwa tani 7. Picha yake ilienea dunia nzima. Lakini hakufanya kazi peke yake. Yeye alichimba tu, na wenzake walimfuata nyuma wakisimamisha nguzo za kuzuia mwamba. Sifa ilibebwa na jina moja. Kisha mwaka 1936 vipimo vya kazi vilipandishwa katika viwanda vingi, na mzigo ukawaangukia hata wale ambao hawakupata nishani yoyote.

Fundisho kwetu ni hili: zawadi ya mmoja isiwe sababu ya kuongeza kipimo cha wote. Tena, asante si mshahara. Mwajiri anayetoa cheti na fulana huku akichelewesha malipo ya saa za ziada hajamtambua mfanyakazi.

4. Mizani haisemi yote

Katika mashamba ya chai watu hudhani jambo hili ni rahisi: mwenye kilo nyingi ndiye bora. Si kweli. Kilo hutegemea mvua, umri wa michai, na umbali wa kipande chako hadi penye mizani. Mama anayenyonyesha hawezi kulinganishwa na kijana asiye na mtoto. Tena chai nzuri hutoka katika majani mawili na chipukizi. Anayejaza kikapu kwa majani magumu atapata kilo, lakini chai itaharibika kiwandani.

Kwa hiyo tuangalie mambo haya: usafi wa kazi yenyewe, kulinda usalama wa wengine, kumfundisha mgeni, na kumsaidia mwenzake aliyezidiwa. Kutolalamika kusihesabiwe kamwe kuwa sifa. Mjumbe wa chama, au mtu aliyepeleka malalamiko, asiachwe nje kwa sababu hiyo.

5. Namna ya kuanza

(a) Mkutano wa tawi uchague kamati ndogo. Wanawake wawemo, na vibarua wawe na msemaji wao. Msimamizi anaweza kualikwa, lakini asiamue peke yake.

(b) Kila mwezi, siku moja inayojulikana, zitengwe dakika kumi kabla ya zamu. Jina litajwe pamoja na tendo. Kusema "fulani ni hodari" hakutoshi. Semeni: "Fulani aliona waya uliochubuka, akazuia watu kupita mpaka fundi alipofika."

(c) Kama kazi ilikuwa ya kikundi, litajwe kundi zima.

(d) Walinzi, wapishi na wafagiaji wasisahauliwe.

(e) Mwajiri akitaka kutoa zawadi, iandikwe katika makubaliano kwamba haipunguzi mshahara wala haibadilishi kipimo.

(f) Tendo liandikwe katika daftari la tawi, nakala iwekwe katika faili la mfanyakazi, na yeye mwenyewe apewe yake.

Nakala hiyo ina faida kubwa. Sheria za kazi za Tanzania ya 2004, ya Uganda ya 2006 na ya Kenya ya 2007 zinataja cheti cha utumishi kwa mfanyakazi anayeondoka. Lakini sheria ya Kenya inasema wazi kwamba mwajiri halazimiki kutoa hati juu ya tabia ya mtu wala ubora wa kazi yake. Basi mtu anaweza kutumika miaka ishirini, akaondoka na karatasi yenye tarehe na jina la kazi tu. Karatasi zake za kila mwezi zitamsemea anapotafuta kazi nyingine, au anaposhitakiwa kwa kosa mbele ya mwajiri.

Nchini Tanzania, Mei Mosi ni siku ya kuwapa zawadi wafanyakazi bora. Ni desturi njema, tuitunze. Lakini mwaka una miezi kumi na miwili, na kazi njema hufanyika katika yote.

Maswali ya kujadiliana katika tawi

1. Katika mwezi uliopita, ni tendo gani jema tulilolijua na hatukulitaja?
2. Kazini kwetu, nani huamua mfanyakazi bora, na kwa kipimo gani?
3. Je, imewahi kutokea kwetu zawadi ya mtu mmoja kufuatwa na kuongezwa kazi kwa wote? Tulifanya nini?